"Tukifungua ndiyo tutajua": kukadiria gharama za hedi za Subaru Impreza WRX ya zamani

Muulize fundi yeyote wa Subaru jijini Nairobi kutengeneza hedi (vifuniko vya silinda vinavyobeba valvu) za Impreza WRX ya miaka ya 1990 ni pesa ngapi, na jibu utakalopewa halitakuwa na tarakimu ndani yake: "Bosi, tukifungua ndiyo tutajua." Wenye magari wengi wakisikia hivyo hushika mfuko. Wengine wameumwa na nyoka, na unyasi ukiwagusa hushtuka. Lakini mara nyingi fundi huyo anasema kweli tupu, maana hali ya hedi haionekani hadi ivuliwe, ioshwe na kupimwa. Kasoro ya jibu lake ni kwamba halina mpangilio. Nani atajua? Atajua kwa kipimo gani? Na gharama za huko kujua ataubeba nani mzigo wake? Ukishaweka mpangilio hapo, makadirio yanawezekana, tena ya karibu kiasi cha kukuwezesha kuamua kama uanze kazi au uliuze gari lilivyo.

Nachukua WRX kama mfano kwa sababu ndiyo gari la spoti la zamani ambalo Wakenya wengi wamelikaribia kwa mikono yao wenyewe. Patrick Njiru alikuwa amekwisha kulifanya jina la Subaru kuwa la nyumbani, kisha Colin McRae akaishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akairudia kazi hiyo mwaka 2000. Kuna na sababu ya kibiashara. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo WRX za miaka ile zilizopo nchini ndizo hizo hizo, na kila mwaka zinapungua. Mwenye nayo akiharibikiwa hedi hana njia ya mkato ya kuagiza nyingine kama ile.

Kabla ya hesabu yoyote, hakikisha tatizo ni hedi kweli. Gari linalochemsha linaweza kuwa na thamostati iliyokwama, feni isiyozunguka au rejeta iliyoziba, na hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji kushusha injini. Vipimo vya mwanzo ni vya bei ndogo. Kimoja ni cha dawa ya bluu inayovutiwa hewa kutoka mdomo wa tanki la maji: ikigeuka manjano, moshi wa silinda umepenya kwenye maji. Kingine ni kupima kompreshani (mbano wa hewa) ya silinda zote nne, halafu kuingiza hewa ya kompresa silinda moja moja na kusikiliza inatokea wapi. Ikitokea kwenye egzosi, valvu ya kutolea moshi haikai vizuri. Ikileta mapovu kwenye maji, gasketi ya kati ya hedi na bloku ya injini imekwenda au hedi ina ufa. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, tazama ringi na pistoni, na hapo hedi peke yake haitakuponya. Ule utando mweupe chini ya kifuniko cha oili, ambao huwatia watu kiwewe, usiuhukumu peke yake; gari la safari fupi fupi hupata utando huo kwa mvuke wa kawaida tu.

Kila kitu mara 16

Injini ya WRX hizi, EJ20 yenye turbo, ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,994 na silinda nne zilizolala chali, mbili kulia na mbili kushoto, mpangilio unaoitwa boksa. Kwa hiyo hedi ni mbili. Kila hedi ina kamshafti (mtaimbo unaozisukuma valvu zifunguke) mbili na valvu nane. Hapa ndipo makadirio ya watu wengi hupotea, kwa sababu mtu anauliza bei ya kipuri kimoja, anaiona ndogo, anasahau kuzidisha. Jumla una valvu 16, viti vya valvu 16, bushi za kuongozea valvu 16, sili za valvu 16, springi 16, bolti za hedi 12, gasketi za hedi 2 na sili za kamshafti. Kipuri ambacho bei yake inatofautiana kwa shilingi 500 kati ya duka hili na lile kinakuletea tofauti ya shilingi 8,000 kikizidishwa mara 16. Ndiyo maana bei ya jumla, ile ya "hedi zote mbili bosi, laki moja", haina maana mpaka ioneshe imezidisha nini kwa ngapi.

Halafu kuna ufundi wenyewe. Injini ya silinda zilizosimama unaweza kuivua hedi ikiwa palepale ndani ya boneti. Ya boksa kama hii, hedi zimekaa pembeni kabisa, zimebanana na fremu za kushoto na kulia, na za kamshafti mbili mbili ni pana kuliko zile za kamshafti moja. Wapo mafundi wanaojivunia kuzivua bila kushusha injini. Mimi nisingewapa kazi. Uso wa bloku unatakiwa usafishwe bila kubakiza chembe ya gasketi ya zamani, upimwe unyoofu, na kwa kujikunja upande wa gurudumu huku taa ikiwa mdomoni kazi hiyo haifanyiki sawasawa. Andika kwenye bajeti: kushusha injini na kuirudisha. Ni gharama ya hakika, na katika hesabu hii gharama ya hakika ni rafiki yako.

Mkanda wa taimingi wa injini hii ni mmoja, unazunguka kamshafti zote nne, rola zake na pampu ya maji. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni au zenyewe kwa zenyewe. Kwa kuwa lazima uvuliwe ili hedi zitoke, ni upuuzi kurudisha wa zamani. Hivyo mkanda, kikazio, rola na pampu ya maji vinaingia kwenye orodha ya hakika, pamoja na sili ya mbele ya krenki, gasketi za vifuniko vya valvu, gasketi za manifoldi, oili, filta, maji ya rejeta na plagi. Watu huita vitu hivi "vidogo vidogo". Ukivijumlisha, usishangae vikiipita bei ya kazi yote itakayofanywa kwenye hedi zenyewe.

Kilichoiua hedi nacho kina bei

Hedi ya aluminiamu haijifii tu. Imechemshwa, au imeendeshwa na mchanganyiko mbaya wa mafuta na hewa baada ya mtu kuongeza presha ya turbo, au iliwahi kufunguliwa na kufungwa vibaya. Makadirio yasiyogusa chanzo ni makadirio ya kazi itakayorudiwa.

Kwa Nairobi hili la kuchemsha lina uzito wa pekee. Jiji liko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na huko maji matupu yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Kinachoyaokoa ni kifuniko cha rejeta, ambacho kwa kuyabana maji huongeza kiwango hicho kwa nyuzi 20 na ushei. Kifuniko chenye springi iliyochoka na raba iliyokauka hukunyang'anya kinga hiyo bila kelele yoyote. Kwa hiyo kifuniko kipya, thamostati, mipira ya maji na kusafisha au kubadilisha rejeta viandike kwenye bajeti ya hedi, hata kama fundi ataviita kazi nyingine. Na maji ya bomba peke yake hayafai. Yanakula aluminiamu polepole, na njia za maji ndani ya hedi ndizo hulika.

Hapa pia ndipo mwenye gari anapoweza kumsaidia fundi kuliko mashine yoyote, kwa kusema ukweli. Mshale wa joto ulipopanda, ulisimama papo hapo, au uliendelea kuendesha mpaka nyumbani? Usidanganywe na mshale ulioshuka ghafla baada ya kupanda: maji yakishaisha, kile kipimo kinabaki kwenye hewa na kinaweza kusoma chini wakati hedi inaungua. Jibu la swali hilo ndilo linalopandisha au kushusha uwezekano wa hedi kuwa na ufa au kulainika, na uwezekano huo tutauhitaji kwenye hesabu hapo chini.

Mpangilio wa vipimo ndio unaoamua bei

Makosa ya gharama kubwa hufanyika hapa, tena kwa nia njema. Gereji inavua hedi, inazipeleka karakana ya mashine, na maagizo ni maneno mawili: "zikatwe uso". Uso unakatwa, valvu zinasagwa, sili mpya zinawekwa, bili inalipwa. Baadaye ndipo ufa unagunduliwa. Kazi yote iliyofanywa juu ya hedi hiyo imemwagwa.

Mpangilio unaofaa huanza na kipimo kinachoweza kuiua hedi kabisa, na kuishia na kazi ya kuipendezesha. Kwanza hedi inavuliwa kila kitu na kuoshwa mpaka iwe nyeupe. Kisha inatafutwa nyufa. Fundi anaziba matundu yote ya maji kwa bamba na raba, anabakiza tundu moja la kuingizia hewa ya kompresa, halafu anaizamisha hedi kwenye beseni la maji ya moto. Maji ya moto yana sababu yake: aluminiamu ikipata joto hutanuka, na ufa uliofumba wakati wa baridi hufunguka. Simama pale ukiweza. Mwanzoni utaona mapovu machache ya hewa iliyonasa, yatapanda na kwisha. Ufa hauishi. Unatoa uzi mwembamba wa mapovu kutoka sehemu moja, mara nyingi kwenye ule wembamba wa chuma kati ya viti viwili vya valvu za silinda moja, na ukiufuta kwa kidole uzi unarudi palepale.

Kuna nyufa zinazochomeleka. Ila kuchomelea aluminiamu ya hedi kunataka kupasha hedi nzima joto, kuchoma kwa gesi ya kuzuia hewa, kisha kuchonga upya viti na uso. Kwa injini ya turbo ningelinganisha bei hiyo na ya hedi nyingine iliyopimwa kabla ya kusema ndiyo.

Baada ya ufa, ugumu. Hedi hizi zilipitishwa kiwandani kwenye joto maalumu ili aluminiamu iwe ngumu. Ikiungua sana hurudi kuwa laini, na hedi laini hata uinyooshe vipi haitashika gasketi, kwa kuwa bolti zitaididimiza taratibu. Karakana yenye kifaa cha kupima ugumu itakuambia kwa dakika chache. Isiyo nacho angalau itazame alama za washa za bolti: zikiwa zimezama ndani isivyo kawaida, anza kushuku.

Halafu unyoofu. Rula nyoofu ya chuma inalazwa juu ya uso kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari, na fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) inajaribiwa kupita chini yake. Vitabu vya ufundi vya injini hizi huweka ukomo mdogo sana, wa sehemu chache za mia za milimita. Kwa matoleo mengi ya zamani ni 0.05. Uso ukizidi hapo unakatwa. Lakini kuna jambo ambalo huachwa mara nyingi. Hedi ikipinda chini, hupinda na juu, kwenye viti vinavyoshika kamshafti. Ukikata uso wa chini peke yake umenyoosha upande mmoja tu, na kamshafti zitazunguka kwenye njia iliyopinda, zitabana na kujila. Jaribio lake halihitaji mashine: kamshafti ikilazwa kwenye viti vyake bila valvu, na vifuniko vyake vikikazwa ipasavyo kwa oili kidogo, inatakiwa izunguke kwa vidole. Ikikataa, hedi inahitaji kunyooshwa kwa joto kabla ya kukatwa, na hiyo ni kazi tofauti yenye bei tofauti.

Kukata uso nako kuna mipaka, na wengi huogopa kwamba kunapandisha kompreshani hadi injini ijigonge. Piga hesabu. Kipenyo cha silinda ni milimita 92, kwa hiyo kukata 0.2 kunaondoa, kwa kiwango cha juu kabisa, kama sentimita za ujazo 1.3 kwenye chumba cha mwako. Silinda moja ina ujazo wa karibu 498.5. Kama kompreshani ilikuwa 8 kwa 1, chumba kilikuwa na 71.2, sasa kina 69.9, na kompreshani imekuwa 8.13. Mabadiliko hayo si ya kukunyima usingizi. La kusisitiza ni hedi zote mbili zikatwe kiasi kilekile, ili upande wa kulia na wa kushoto ufanane, na unene wa kila hedi uandikwe kabla na baada, maana hujui mwenye gari aliyekutangulia alishakata kiasi gani. Pia uliza uso utaachwa laini kiasi gani. Gasketi za mabati ya tabaka zinataka uso laini sana. Uso wenye michirizi inayokwaruza ukucha utazivujisha.

Vikombe, na saa ambazo hazionekani

Kuna gharama moja ambayo sijaiona ikiandikwa kwenye makadirio ya mwanzo ya gereji nyingi, nayo ni nafasi ya valvu. Kiti cha valvu kikisagwa, valvu inazama kidogo zaidi ndani ya hedi, na mkia wake unatokeza zaidi upande wa kamshafti. Nafasi ndogo iliyokuwepo kati ya kamshafti na valvu inapungua. Ikipungua sana, injini ikipata moto valvu haifungi kabisa. Ya kutolea moshi itaungua ndani ya muda mfupi, na utarudi gereji ukidhani gasketi ndiyo imekwenda tena.

WRX za mwanzo kabisa zilitumia vidhibiti vinavyojirekebisha kwa oili, hivyo zinakusamehe hapa, ingawa vidhibiti vyenyewe vikichoka vina bei yake. Zilizofuata zilitumia shimu (vibati vya kurekebisha nafasi) juu ya vikombe vinavyokaa kati ya kamshafti na valvu, na za baadaye zaidi ziliondoa shimu kabisa: kikombe chenyewe ndicho kinachotengenezwa kwa unene tofauti tofauti. Kwa hiyo jua injini yako ni ya kundi lipi kabla ya kuuliza bei. Kwenye kundi la mwisho, kila valvu ambayo nafasi yake imetoka nje ya kipimo inaweza kudai kikombe kipya cha unene maalumu, na hicho hukipati kwenye kila duka la Kirinyaga Road; mara nyingi kinaagizwa.

Karakana nzuri hupunguza gharama hiyo kwa kukwangua ncha ya mkia wa valvu kwa sehemu chache za mia za milimita, na kwa kuhamisha vikombe vilivyopo kutoka valvu moja hadi nyingine mpaka vipatane. Ncha ile ina tabaka gumu, haikwanguliwi ovyo. Na baadhi ya matoleo ya turbo yana valvu za kutolea moshi zenye sodiamu ndani ya mkia ili kupoza joto, ambazo bei yake si ya valvu za kawaida na hazitakiwi kuchezewa. Kinachokula pesa zaidi ni muda: kamshafti zinafungwa, nafasi 16 zinapimwa na kuandikwa, kamshafti zinavuliwa, vikombe vinahamishwa, zinafungwa tena, zinapimwa tena. Fundi anayekupa bei ndogo ajabu ya "kusaga valvu" huenda hajaihesabu hatua hii kabisa. Muulize. Akijibu kwamba injini itajiweka sawa yenyewe ikishawaka, na gari lako si la yale ya mwanzo, shukuru na uondoke.

Bushi za kuongozea valvu nazo hupimwa kabla ya viti, si baada yake, kwa kuwa kifaa cha kuchonga kiti hujishikiza kwenye bushi. Ukichonga kiti huku bushi imelegea, kiti kitakaa upande.

Sasa hesabu

Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha njia tu, si bei za sokoni. Weka zako.

Gawa gharama katika mafungu matatu. La kwanza ni la hakika: kushusha na kurudisha injini, kuosha na kupima hedi, seti ya gasketi na sili zote, mkanda na wenzake, vimiminika, plagi, kifuniko cha rejeta na thamostati, na kukata uso wa hedi zote mbili. Tuseme ni shilingi 130,000. La pili ni la huenda: valvu kadhaa, bushi, viti, vikombe, bolti mpya. Tuseme 60,000, na kwa historia ya gari fundi anaona uwezekano ni nusu kwa nusu. La tatu ni la balaa: hedi moja ina ufa au imelainika, inatafutwa nyingine. Tuseme 90,000, na uwezekano ni mmoja kati ya watano kwa sababu ulisimama mapema gari lilipochemsha.

Makadirio ya kati ni 130,000, kuongeza nusu ya 60,000, kuongeza sehemu ya tano ya 90,000. Yaani 130,000 na 30,000 na 18,000, jumla 178,000. Upande wa juu kabisa ni 280,000, ingawa kwa kweli hutafika hapo mara nyingi, maana hedi ikibadilishwa hutengenezi tena ile iliyokufa. Uliendesha mpaka nyumbani mshale ukiwa juu? Pandisha uwezekano wa fungu la tatu hadi nusu, na makadirio ya kati yanakuwa 205,000 kabla fundi hajagusa spana.

Tarakimu ya kati inakusaidia kulinganisha na njia nyingine, lakini anayeanza kazi akiwa na 178,000 tu ana hatari halisi ya kuliacha gari kwenye mawe, injini iko sakafuni na vipande vyake kwenye ndoo. Njia ya kujikinga ni kukubaliana na fundi kituo cha kusimama, kwa maandishi. Malipo ya kwanza ni ya kushusha, kuvua, kuosha na kupima tu. Matokeo yakitoka, fungu la pili na la tatu haliko tena kwenye bahati, yameshajulikana. Hapo ndipo mnaandikiana bei ya kuendelea, au unasema hapana na kulipia ulichokwisha kutumia. Dai karatasi ya vipimo: unene wa kila hedi, unyoofu, matokeo ya beseni, nafasi za valvu 16. Karatasi hiyo ni mali hata kama hutaendelea, kwa sababu anayenunua hedi zilizopimwa hulipa zaidi ya anayenunua vyuma.

Kabla ya kusema endelea, mwambie akate filta ya oili na kuikunjua karatasi yake mbele yako. Ukiona chembe zinazong'aa, beringi za chini zimeanza kulika, pengine kwa sababu maji yaliingia kwenye oili. EJ20 ina jina lake kwa kunoki, yaani kugonga kwa beringi hizo za chini, na kuiwekea hedi nzuri juu ya krenki inayokufa ni kutupa fedha. Hapo makadirio ya hedi yamekwisha; unahitaji mengine ya ovahoo nzima.

Injini ya mtumba kutoka Japani itatajwa na mtu yeyote utakayemsimulia masaibu yako. Ilinganishe kwa haki. Bei ya Grogan, soko la spea za magari jijini Nairobi, ni ya injini ilivyo. Ongeza kuishusha ya zamani na kuiingiza hiyo, mkanda na pampu ya maji, sili, vimiminika, na kipimo cha kompreshani kabla ya kulipa. Hakikisha pia inalingana na mwaka wa gari lako, maana hedi, manifoldi, nyaya na kompyuta vilibadilika toleo hadi toleo. Vivyo hivyo hedi ya mtumba: bei yake halisi ni ya kuinunulia, pamoja na beseni, rula, sili na kukata uso, kwa sababu nayo imetoka kwenye gari lililokufa kwa sababu fulani. Muuzaji asiyekubali kuirudisha ikishindwa beseni amekwisha kukuambia anachojua juu yake.

Spea feki ni mada ndefu, na kwa hedi naibana hivi: gasketi za hedi, mkanda na kikazio nunua vya asili au vya mtengenezaji anayeaminika, na ukae na risiti. Kwenye vingine unaweza kubana matumizi kidogo.

Siku ya kufunga, bolti hizi hazikazwi mara moja. Hukazwa kwa mpangilio, zikalegezwa, zikakazwa tena, kisha kumalizwa kwa kuzungushwa nyuzi maalumu, na fundi asiye na spana ya kupimia nguvu hawezi kuifanya kazi hiyo kwa mkono mzoefu. Kinachofuata ni kutoa hewa. Boksa hunasa hewa kwenye njia za maji, na hewa iliyonasa hupika hedi mpya kama ilivyopika ya zamani. Injini inajazwa maji taratibu, tundu la kutolea hewa likiwa wazi, inapashwa moto mpaka thamostati ifunguke na feni iwake, inaachwa ipoe kabisa, inajazwa tena. Gari lilale gereji usiku huo. Asubuhi, kabla halijawashwa, fungueni kifuniko pamoja mtazame maji yako wapi, na awamu ya mwisho ya malipo isubiri mpaka hapo.